Vyoo Visivyoingiwa na Mtu

Kimbunga kilipoyazoa mabanda ya pwani ya Mahajanga, wapo waliosema moyoni kwamba ni kheri. Mabanda yenyewe yalikuwa ya makuti na mabati ya madebe, yamebanana hata jirani akikohoa, wewe ndiye unayeamka. Kwa miezi kadhaa watu walilala misikitini na kwa jamaa zao. Kisha Wafaransa wa Ofisi ya Makazi wakaleta saruji, wakajenga safu nne za nyumba huko Antanimasaja, mahali palipokuwa na majani na mbuzi tu. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu, na serikali ilitaka kuonyesha kwamba inawajali watu wake.

Koulsoum alipewa nyumba ya mwisho katika safu ya tatu. Alikuwa mjane wa makamo, Mngazija kwa ukoo lakini mzaliwa wa Andoany, kule Nosy Be. Ndoa ndiyo iliyomleta Mahajanga. Mumewe alipokufa hakurudi kwao. Alibaki akikaanga vitumbua na kuviuza katika mtaa wa Tsaramandroso. Binti yake wa pekee, Hayrat, alikaa mlango wa pili pamoja na mumewe Youssoufa, mchukuzi wa bandarini.

Siku ya kuhamia, Koulsoum alikanyaga sakafu ya saruji kwa miguu mitupu, akaenda na kurudi, akacheka peke yake. Mvua ikinyesha sasa itanyesha nje. Alifukiza ubani, akasoma Yasini, akawaombea dua hata Wafaransa.

Lakini mwishoni mwa safu zile, upande wa juu, palisimama jengo refu la saruji lenye milango mingi ya kijani. Ndivyo vyoo. Wanaume wa Kingazija walikwenda kuvitazama siku ile ile ya kwanza. Mmoja alifungua mlango, akachungulia, akaufunga polepole kama mtu aliyemkuta mwenziwe uchi. Jioni ile watu walichukua njia ya korongo, chini kule kwenye vichaka kabla ya kufika mikokoni, kama walivyofanya zamani.

Sababu ilikuwa moja, na kila Mwislamu pale aliijua bila kuambiwa. Kutoka Mahajanga, Makka iko kaskazini. Na vyoo vile vilijengwa hivi kwamba mtu akichutama, ama ameielekeza kibla uso wake, ama ameipa mgongo. Hapakuwa na namna ya tatu. Nani angeweza? Mtu anaswali akielekea upande ule mara tano kwa siku, kisha aende akajisaidie akielekea huko huko?

Na kwa kuwa jambo lenyewe ni la chooni, hakuna aliyetaka kulitaja mbele za watu.

Mkuu wa Ofisi ya Makazi alikuwa Mfaransa aitwaye Ferrandon, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi. Ramani ya nyumba zile aliichora yeye mwenyewe, na alizipenda kama mtu anavyopenda shamba lake. Alipokuja kukagua, aliona sakafu zimefagiliwa na mapazia yametundikwa madirishani, akafurahi. Akafungua milango ya kijani. Utando wa buibui ulikuwa umeziba matundu. Akauliza watu wanajisaidia wapi, askari wake akamwonyesha korongo kwa kidole.

Ferrandon alikasirika kama mtu aliyetupiwa zawadi usoni. Kupitia mkalimani wake aliwaambia kwamba uchafu huo utaleta kipindupindu mjini, na kwamba asiyetaka kuishi kama binadamu arudi kwenye madebe yake.

Ofisi ilikuwa imemteua mzee mmoja awe msemaji wa wakazi. Jina lake Kamardine. Hakuchaguliwa na mtu. Aliteuliwa kwa sababu aliwahi kuwa nokoa wa bandari, msimamizi wa wachukuzi, na alijua kuvua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake ulikuwa na sababu, kwa kuwa tangu zile ghasia za mwaka wa arobaini na saba, Wamalagasi walipowaasi Wafaransa, watu kote kisiwani walikuwa wamefungwa na kuuawa, na mkusanyiko wowote wa wenyeji ulitazamwa kwa jicho la shaka. Hata hivyo, wanaume walipomsukuma, Kamardine alivaa kanzu yake nyeupe akaenda ofisini.

"Bwana mkubwa," alisema kwa Kimalagasi, akitafuta maneno yenye heshima, "vyoo ni vizuri. Ila vimetazama pabaya."

Mkalimani alikuwa kijana kutoka nyanda za juu, Mkristo, wala hakuelewa. Akamwambia bwana wake kwamba wakazi hawapendi mandhari.

Baada ya wiki mbili vibarua wakaja kupanda ua wa michongoma mbele ya vyoo, ili watu wasione korongo wakiwa wanaingia. Na kuta zikapakwa chokaa upya. Katika safu zote nne watu walicheka hadi machozi yakawatoka, kisha wakanyamaza, maana halikuwa jambo la kuchekesha.

Masika yakaingia. Njia ya korongo ikawa utelezi mtupu. Hayrat alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwenye mimba hawezi kujizuia hata akitaka. Asubuhi moja, mara baada ya swala ya alfajiri, aliteremka na mama yake, wameshikana mikono. Ardhi ikakatika chini yao. Koulsoum alidaka mzizi. Hayrat aliporomoka hadi chini kwenye mawe.

Alipomfikia, Koulsoum alimkuta bintiye amekaa, macho yamemtoka, mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Mama, mtoto," alisema Hayrat. "Mguu uache. Mtoto."

Watu walimbeba juu kwa mlango walioung'oa bawabani. Mtoto hakudhurika, alizaliwa wakati wake, wa kiume, mwenye sauti kali. Lakini mguu wa Hayrat ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe, na tangu hapo alitembea kwa kuchechemea.

Katika siku zile za mwanzo, Hayrat akiwa amelala na mguu umefungwa kwa vipande vya mti, majirani walikuja kumtazama. Mmoja wao alikuwa Zafisoa wa safu ya nne, mwanamke wa Kisakalava, kabila la wenyeji wa pwani ile. Yeye na Koulsoum hawakuwa na mazoea. Walisalimiana bombani kwa Kimalagasi, basi. Wangazija walisema Wasakalava ni walevi. Wasakalava walisema Wangazija wanajiona. Zafisoa aliweka bakuli la uji wa mchele karibu na mgonjwa, akakaa mkekani.

"Dada," alisema baada ya muda, "nikuulize. Nyinyi mna dini yenu ya kutawadha kwa maji kila saa. Kwa nini nanyi mnakwenda korongoni kama sisi?"

Koulsoum aliona haya. Lakini alimtazama bintiye pale kitandani, haya ikamtoka. Akamweleza, wazi, bila kuzungusha maneno. Uso huku, mgongo kule, Makka pale.

Zafisoa akapiga makofi mara moja, kwa mshangao. "Kumbe! Nasi tulidhani mmezoea tu."

"Na nyinyi je?"

"Sisi? Hukuona vimejengwa wapi? Kaskazini-mashariki! Ile ndiyo pembe ya wahenga, dada. Hata ndani ya nyumba, pembe ile hatuweki kitu kichafu. Tunasimama pale kuwaomba waliotutangulia. Sasa huyu bwana ameweka vyoo vya mtaa mzima juu ya vichwa vya babu zetu. Mume wangu alisema heri nyoka wa korongoni."

Wakatazamana. Kwa mwaka mzima walikuwa wakipishana katika njia ile ya vichaka kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja akigeuza uso ili asimwaibishe mwenziwe, na kila mmoja akimwona mwenziwe mchafu.

"Basi shida ni moja," alisema Koulsoum.

"Shida mbili," alisema Zafisoa, "lakini mlango mmoja."

Tangu siku ile wanawake walianza kuzungumza bombani. Hapakuitishwa mkutano, mwanamke akisubiri ndoo yake ijae, nani atamkataza kusema? Mariyama wa safu ya kwanza alisema wazee wake wana shida ya magoti, korongo litawaua. Mwingine alisema binti zake wawili wamevunja ungo na anaogopa kuwapeleka kule vichakani, maana walevi wamejua saa zao. Wakakubaliana kwamba Ferrandon akija tena kukagua, hawatamwachia Kamardine peke yake. Watasimama wote, na Koulsoum atasema.

Kamardine alipopata habari alikuja mbio mlangoni kwa Koulsoum, kofia mkononi.

"Bweni Koulsoum," alisema, akimwita kwa heshima kama Wangazija wanavyomwita mwanamke mtu mzima, "nakusihi. Wanawake wengi wamesimama pamoja mbele ya Mfaransa! Watasema uasi. Wewe hukuona malori ya askari mwaka ule? Mimi niliyaona."

"Niliyaona, mzee wangu. Na mguu wa mwanangu nimeuona pia."

"Nitakwenda tena mimi. Nitatafuta maneno mengine."

"Maneno unayo. Unachokosa ni kuyatamka."

Kamardine aliinamisha kichwa. Ilimuuma, na Koulsoum aliona kwamba imemuuma, akajuta kidogo. Lakini hakurudi nyuma.

Ferrandon alikuja wiki iliyofuata, akiwa na askari wawili na mkalimani wake. Alishangaa kukuta wanawake wamesimama kando ya vyoo, wengine wamebeba watoto mgongoni, shiromani, zile nguo zao za kujitanda, zimefunika vichwa. Koulsoum alipiga hatua mbele. Alikuwa amelala na maneno yake mdomoni, lakini alipofungua kinywa, askari mmoja alimsukuma kwa mkono.

"Usinishike," alisema kwa ukali, na kwa bahati mbaya alisema kwa sauti kubwa.

Wanawake nyuma yake wakapaza sauti pia. Watoto wakalia. Yule mkalimani, ambaye hakuzoea kelele, alimwambia bwana wake kwamba mwanamke huyu anawachochea wenziwe wakatae vyoo vya serikali, na katika maneno yale palikuwa na ukweli kiasi cha kutosha kuharibu kila kitu. Ferrandon aliyasikia anayoyaogopa. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya uchovu, kwamba nyumba ya mwisho ya safu ya tatu irudishwe ofisini, kisha akapanda gari lake akikohoa.

Kesho yake askari walikuja kusimama mlangoni mpaka Koulsoum alipotoa kitanda, masanduku na chuma chake cha vitumbua. Youssoufa alitaka kupigana. Mama mkwe alimshika kifuani.

"Wewe una mke mgonjwa na mtoto njiani. Kaa. Mimi nina kwetu."

Akapanda meli ya pwani akarudi Andoany.

Kaka yake Zoubeiri, fundi mwashi, alimpokea vizuri, na wifi yake Sittina alimpa chumba cha uani. Andoany haikuwa imebadilika sana; soko lile lile, harufu ile ile ya maua ya ilangilangi ikishuka kutoka mashambani wakati wa joto. Wenzake wa utotoni walikuja kumpa pole. Koulsoum aliwashukuru, lakini hakuweza kutulia. Alikuwa akimwona Hayrat akishuka korongoni kwa mguu mmoja. Zaidi ya hayo ilimchoma aibu ya kushindwa mbele za watu waliomtuma.

"Niliharibu," alimwambia wifi yake walipokuwa wakichambua mchele. "Walinipa maneno yao nikayageuza makelele."

"Alikusukuma," alisema Sittina.

"Alinisukuma. Lakini kama ningenyamaza kidogo..."

"Wifi, watu wenye shida hawafundishwi namna ya kupiga kelele. Kula."

Zoubeiri wakati ule alikuwa akimjengea mtu nyumba karibu na bandari. Siku moja Koulsoum alimpelekea chakula, akamkuta hajengi. Amemsimamisha mwenye nyumba na mkewe katikati ya kiwanja kitupu, amechomeka vijiti ardhini, na anawaambia watembee.

"Mama, ingia jikoni kwako," alikuwa akimwambia yule mke. "Toka sasa uende kisimani. Unapita wapi? Hapo? Mbele ya wageni wa mumeo?"

Yule mwanamke akacheka, akasema la, mlango ugeuzwe. Zoubeiri akang'oa kijiti akakichomeka kwingine. Kisha akamuuliza tena, na mume naye akamuuliza, na wakabishana, na vijiti vikahama.

"Kila mara unafanya hivi?" Koulsoum alimuuliza kaka yake alipokuwa akila.

"Nifanye vipi? Nyumba ninaijua mimi, lakini watakaoishi ni wao. Ukuta ukishapanda, mdomo umechelewa."

Koulsoum alivitazama vile vijiti mpaka chakula kikaisha.

Habari zilimfikia kwa kinywa cha Youssoufa. Alikuja na meli ile ya pwani, akiwa na Hayrat na mtoto mchanga, ili bibi amwone mjukuu wake. Walimpa jina la babu yake, Mroivili. Koulsoum alimpakata, akamnusa kichwa, akalia na kucheka kwa pamoja. Ndipo mkwewe akasema:

"Mama, wanaongeza safu mbili. Upande wa pili wa barabara. Vyoo ni vile vile, pembe ile ile. Wameshaleta mawe, lakini msingi bado hawajachimba. Zafisoa amenituma. Anasema: mwambie dada yangu safari hii tuwahi kabla ya ukuta."

"Kamardine anasemaje?"

"Hasemi kitu. Lakini tangu uondoke, hathubutu kututazama machoni."

Walirudi Mahajanga pamoja. Koulsoum alilala kwa bintiye, na mchana alitembea mlango kwa mlango, yeye upande wa Wangazija na Zafisoa upande wa Wasakalava. Safari hii hawakusema na wanawake tu. Walikaa na wanaume barazani, wakawaambia lile lililokuwa halisemwi. Mwanzoni wanaume walitazama chini. Kisha mmoja akasema, "Kweli, nani aliwahi kutuuliza?" na mwingine akadakia, na mazungumzo yakafunguka. Walipanga hivi: watasimama kwenye kile kiwanja kitupu, siyo kwenye vyoo vya zamani. Watakuwa wachache. Hapatakuwa na kelele. Wataonyesha.

Palibaki swali la mkalimani.

Katika mtaa mzima alikuwapo mtu mmoja aliyejua Kifaransa vizuri, naye ni Ansoifa, binti wa Kamardine. Utotoni alikuwa amefundishwa kushona na masista wa Kikatoliki, na lugha ikamwingia pamoja na sindano. Lakini baba yake alimkataza kuizungumza mbele za watu. Binti wa Kiislamu asemezane na Wafaransa, watu watasemaje? Koulsoum alikwenda nyumbani kwao. Kamardine alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa neno moja, hapana, na akaomba radhi kwa kulisema. Koulsoum hakumlazimisha.

Siku Ferrandon alipokuja kuonyesha vibarua pa kuchimba, alikuta watu wapatao kumi wamesimama kiwanjani, wanaume na wanawake. Askari wake akakaza mkanda. Lakini hakuna aliyemsogelea. Koulsoum alikuwa amevua viatu. Alichukua mkeka wake wa kuswalia, akautandika pale pale palipochorwa choo kwa chokaa, akaulaza kuelekea kaskazini. Akasimama juu yake, akafunga mikono kifuani kama mtu aliyeingia kwenye swala, ili kila mwenye macho aone. Halafu akaukunja, akauweka kando, akachutama mahali pale pale, uso upande ule ule, shiromani imemfunika mpaka chini.

Watu wa mtaa wake waliinamisha macho. Halikuwa jambo dogo kwa mwanamke mtu mzima, bibi wa mjukuu, kuchutama mbele ya wanaume. Youssoufa aligeuka akatazama barabara.

Ferrandon hakuelewa. Alimtazama mkalimani wake. Mkalimani akainua mabega. Zafisoa naye alianza kueleza kwa mikono, akionyesha pembe ya wahenga, akionyesha mbingu, akionyesha ardhi, na Mfaransa akazidi kupotea. Alianza kukunja uso. Koulsoum alijua uso ule. Aliona siku ile ya kwanza inarudi.

Ndipo kutoka nyuma ikasikika sauti ya mzee.

"Ansoifa."

Kamardine alikuwa amefika bila kuonekana. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, na kofia ilikuwa kichwani. Binti yake alisimama hatua chache nyuma yake.

"Sema, mwanangu," alisema. "Sema kama lilivyo. Usipunguze."

Ansoifa alisogea mbele. Alieleza kwa Kifaransa mambo yote mawili, la kibla na la wahenga, akataja na korongo, na wasichana, na wazee, na mguu wa Hayrat. Alimwonyesha Hayrat, ambaye alikuwa amesimama na mtoto mkononi. Alieleza kwa muda mrefu. Ferrandon hakumkatiza hata mara moja. Kikohozi kilimjia, akakizuia.

Aliponyamaza, yule Mfaransa alikaa juu ya rundo la mawe. Aliondoa kofia yake. Kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba nywele zake zilikuwa zimekaribia kuisha.

"Anasema," Ansoifa alitafsiri, "yeye alidhani mnamdharau. Anauliza kwa nini hamkumwambia tangu mwanzo."

Mzee Kamardine alijibu kabla ya mtu mwingine. "Mwambie nilimwambia mimi, nikamwambia vibaya, kwa kuwa niliona haya. Hilo ni langu. Lakini na yeye mwambie: alipochora, hakuuliza."

Ansoifa akamtazama baba yake kwanza, kama kuhakikisha. Kisha akatafsiri.

Ferrandon aliitazama ile mistari ya chokaa. Halafu akanyanyuka, akamwashiria Koulsoum, akachukua kijiti, akampa. Koulsoum alielewa bila mkalimani. Alitembea kiwanjani, Zafisoa ubavuni mwake, wakibishana kwa Kimalagasi. Wakachagua upande wa kusini-magharibi, mbali na wahenga. Koulsoum akachora mstari ardhini, milango ikitazama mashariki, ili atakayechutama asiipe kibla uso wala mgongo. Wanaume walisogea wakaongeza yao: mfereji wa maji upite huku, njia iwe pana ya kupita wawili wanaobeba mgonjwa. Mariyama alitaka bomba karibu, maana choo kisicho na maji hakimfai Mwislamu. Vibarua walisimama na majembe yao, wakasubiri.

Vyoo vya safu mpya vilijengwa vile. Kuhusu vya zamani, Ferrandon alisema ofisi haitakubali kubomoa jengo ambalo halijatumika hata siku moja; ingekuwa kukiri makosa. Basi wakazi walivibomoa wenyewe siku za Jumapili, yeye akajifanya haoni, na kwa namna fulani mifuko kadhaa ya saruji ikawa inasahauliwa barabarani. Zoubeiri alikuja kutoka Andoany kusimamia kazi, akakaa mwezi mzima, akilalamikia saruji ya Wafaransa. Watu wa korongoni wakaacha kwenda korongoni.

Jambo jingine lilitoka kiwanjani pale. Kamardine alikwenda ofisini akasema hataki tena kuwa msemaji peke yake. Aliomba kila safu ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, na kwamba lolote litakalojengwa au kubadilishwa, wao walione kwanza. Ofisi ilikataa neno "mwanamke". Kamardine alirudi tena, na tena, kofia kichwani, Ansoifa pembeni yake, mpaka walipochoka kumkatalia. Wazee wengine msikitini walimsema vibaya kwa ajili ya binti yake. Aliwasikiliza, akaendelea kwenda naye.

Haikuwa mwisho wa shida. Ferrandon alihamishwa mwaka uliofuata kwa ajili ya kifua chake, na aliyekuja baada yake hakupenda kusikia habari za mabaraza ya wenyeji. Mara nyingi walisubiri ofisini kutwa nzima wakaambiwa warudi kesho, nao kesho wakarudi. Nyumba ya Koulsoum ilikuwa imepewa familia nyingine, watu wema wenye watoto watano, naye akakataa watolewe kwa ajili yake. Alibaki kwa Hayrat, akilala chumba kimoja na mjukuu, mpaka safu ya sita ilipokamilika akapata yake.

Baraza la kwanza la wakazi lilikaa barazani kwa Mariyama, asubuhi ya Jumapili. Jambo lenyewe lilikuwa bomba jipya: liwekwe wapi? Koulsoum alitaka liwe karibu na safu ya tatu, ambako wazee ni wengi. Zafisoa alisema la, safu ya nne wamebeba maji kwa mbali miaka miwili, wamevumilia vya kutosha.

"Dada yangu, wewe una watoto wakubwa wa kubeba," alisema Koulsoum.

"Nawe una mdomo wa kuita watu wakubebee," alijibu Zafisoa.

Watu wakaangua kicheko, na wao wawili hawakucheka. Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika. Wangazija wakaenda kuswali, Wasakalava wakawasubiri wakila mihogo, kisha wote wakarudi wakaanza upya. Jua lilipoanza kuelemea upande wa bahari, bomba lilikuwa limepelekwa mahali ambapo Koulsoum hakupataka na Zafisoa hakupataka, mbele ya mlango wa mtu ambaye hakusema neno siku nzima.

"Kesho nitaliangalia tena," alisema Zafisoa akijifunga lamba, ile shuka yake ya begani.

"Na mimi nitakuja nawe," alisema Koulsoum, "usije ukalihamisha."